Kura Iliyotafunwa

Mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyetafuna kura yake.

Nimelikana jambo hilo kwa miaka mingi, tena kwa ustadi. Chuo kikuu kisa hiki kilikuwa kinajulikana, kwa sababu wenzangu wa kutoka kwetu walipenda kukisimulia tukiwa kwenye foleni ya chakula. Zamani za Mwingereza, walisema, watu wa kilima kimoja huko Ijumbi walipewa kura kwa mara ya kwanza, wakazila. Kila msimulizi alikuwa na toleo lake. Kuna aliyedai waliziomba na chumvi. Kuna aliyedai mzee mmoja aliuliza kama zimeiva. Mimi nilicheka kuliko wote, na siku mtu aliponigeukia akasema, "Lakini wewe si wa huko huko?" nilimjibu bila kupepesa macho kwamba mimi ni wa Bukoba mjini, Ijumbi tulikuwa tunapita tu. Hakuna mtu anayepita tu Ijumbi. Ama unakwenda, ama huendi. Bahati nzuri aliyeniuliza alikuwa mtu wa pwani, hakujua.

Baadaye nikaandika tasnifu kuhusu katiba. Sura nzima, ndefu na kavu, niliitoa kwa swali moja: kabla katiba haijakuwapo, ni nani mwenye mamlaka ya kuitunga? Nani anaamua nani apige kura? Niliwaita kutoa ushahidi wanaume wengi wa ng'ambo waliokufa zamani, waliovaa nywele za bandia na kuandika kwamba watu wote ni sawa huku watumwa wao wakiwamiminia chai. Bibi yangu sikumtaja hata katika tanbihi. Sasa nimefika umri ambao mwanamke anaweza kwenda sokoni na kandambili na asijali, basi nimtaje.

Tulikaa kwenye ardhi ya nyarubanja. Maana yake ni kwamba kibanja kilikuwa na migomba yetu, mibuni yetu, nyumba yetu na kaburi la babu yangu, lakini hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mtwazi, bwana mkubwa wa kilima kile, na sisi tulikuwa watwarwa wake, yaani watu wake. Tulimpelekea sehemu ya ndizi, sehemu ya lubisi kila tulipokamua pombe, na kahawa yote. Kahawa iliingia katika magunia yake, ikaenda Bukoba kwa jina lake, kisha yeye akampa Bibi kile alichoona kinamfaa.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililotutatiza. Babu alipofariki, mtwazi angeweza kuturudisha kwa ndugu wa Bibi na kumpa kibanja mwanamume mwenye nguvu. Hakufanya hivyo. Alituma watu waje kuezeka upya jiko letu, akasema, "Mwacheni mama akae." Bibi alimshukuru kwa magoti. Tulipobaki wawili akaniambia, "Umesikia? Nikae. Kama kuku aliyevumiliwa jikoni."

Tulikuwa wawili kwa sababu mama yangu alikuwa ameolewa tena Karagwe, na baba alikwenda Uganda kutafuta kazi, akaipata kiasi cha kusahau njia ya kurudi. Bibi alinilea, na nijuavyo mimi alitaka kitu kimoja tu duniani: gunia la kahawa lenye jina lake. Mibuni ile aliipanda yeye na Babu wakiwa vijana, akaipogoa, akaichuma, akaianika. Alijua mbuni upi unazaa sana ukipata kivuli na upi una hasira. Lakini Bukoba, kule zilikokwenda kahawa zote, hakuna aliyejua kwamba yeye yupo.

Ndipo ikaja habari ya chama cha ushirika. Wakulima wa kilima chochote wangeweza kuungana, kuandika katiba yao, kuipeleka Bukoba ikakubaliwe, na kuanzia hapo wangeuza kahawa pamoja, kila mwanachama kwa jina lake. Kwetu habari hiyo ililetwa na mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwembamba mwenye baiskeli. Ndiye aliyenifundisha darasa la tatu, na aliamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilotatulika kwa vifungu vyenye namba. Alipita nyumba kwa nyumba akisoma rasimu yake. Kwetu alikaa kwenye kigoda, Bibi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, mimi nyuma yake.

"Kifungu cha tatu, mama," alisoma. "Mwanachama ni mtu yeyote anayelima na kuchuma kahawa kwa mikono yake, awe na ardhi au asiwe nayo."

"Mtu yeyote?" Bibi akauliza.

"Yeyote."

"Hata mwanamke?"

Mwalimu akaangalia karatasi yake kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza. "Imeandikwa mtu, mama."

"Nimesikia imeandikwa mtu. Ninachouliza ni kama mwanamke yumo."

"Yumo."

"Basi neno hilo ulikoleze wino. Nalijua, huwa linafutika upesi."

Kifungu hicho ndicho kilicholeta vita. Mtwazi alikuwa na wapwa watatu waliosoma, vijana wa suruali zilizopigwa pasi, nao walitaka pasomeke "mwenye ardhi." Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kikipita jinsi kilivyo, mtwarwa yeyote angekuwa mwanachama, na magunia ya mjomba wao yangepungua. Mwalimu akasema basi ipigwe kura. Swali likawa: nani apige kura kuamua nani apige kura? Hata wapwa hawakuwa na jibu, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba wakuu wote wa nyumba za kilima kile waje, wenye ardhi na wasio nayo, na Bibi kwa kuwa hakuwa na mume aje pia. Mwenyekiti wa muda akawa mtwazi mwenyewe. Hakuna aliyeweza kufikiria mkutano ambao yeye yupo na kiti kimekaliwa na mtu mwingine, na isitoshe nyumba yake peke yake ndiyo ingetutosha.

Wengi hawakujua kuandika. Kunyoosha mikono nako kusingewezekana, maana ni mtwarwa gani angenyoosha mkono kinyume cha wapwa wa mtwazi, ndani ya nyumba ya mtwazi, mtwazi akimtazama? Mwalimu alilala na jambo hilo siku kadhaa, akaja na mpango alioniambia darasani kwa fahari. Kila mtu angepewa kahawa moja, ganda moja zima. Nyuma ya pazia la gome la mti kungekuwa na vibuyu viwili, cha kulia Ndiyo, cha kushoto Hapana. Unaingia, unadondosha, unatoka. Hakuna anayekuona. Nilidhani amevumbua jambo kubwa kuliko baiskeli.

Sasa, mwalimu alikuwa ameomba kahawa mbichi iliyoanikwa, ile ya gunia. Lakini kahawa ile ilitakiwa igawiwe katika nyumba ya mtwazi, kwa wageni wa mtwazi, na mke wa mtwazi alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri. Hakuna Mhaya mwenye adabu anayempa mgeni kahawa mbichi. Akatoa ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yake ya kunukia, ikakaushwa juu ya moto mpaka ikawa nyeusi na tamu puani. Akaitia katika kile kikapu kidogo cha ukindu kilichopitishwa mbele ya kila mgeni tangu enzi za baba mkwe wake. Na kwetu kahawa ya kikapu kile haishikwi mkononi. Ukipewa unatafuna. Kuishikilia ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unaogopa sumu.

Mnaona tulikokuwa tunaelekea. Mwalimu hakuona, kwa sababu alikuwa anasoma katiba.

Alianza na utangulizi, ambao ulikuwa mzuri na mrefu. Kikapu kikazunguka. Mtwazi alipokea wa kwanza, kama ilivyo haki yake. Kikapu kikapita kwa wapwa, kwa wazee wenye ardhi, kwa watwarwa, na mwishoni kikafika mlangoni alikokuwa amekaa Bibi. Kilikuwa kitupu. Ama mwalimu alihesabu vibaya, ama mpwa mmoja alichukua mbili. Aliyekibeba akasimama hapo na kikapu kitupu mbele ya mgeni, watu wakaona, na mtwazi akaona kwamba wameona. Nyumba yake haijawahi kuaibika namna hiyo. Akalipasua ganda lake kwa kucha, zikatoka zile punje mbili zinazolala pamoja ndani ya kila kahawa. Akamwita Bibi kwa kichwa. Bibi akaenda kwa magoti, akapokea punje moja kwa mikono miwili. Mtwazi akatia nyingine kinywani, Bibi akatia ya kwake, na mwenye nyumba akishatafuna, wageni nao hutafuna.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilisikia kura zikivunjika, moja moja kwanza, kisha nyumba nzima, kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu ya mgomba.

"Kila mwanachama," mwalimu alikuwa anasoma, "atakuwa na kura moja na moja tu."

Alipomaliza akakunja karatasi, akamwalika mzee wa kwanza aende nyuma ya pazia. Mzee akasimama. Akatazama kiganja chake, akamtazama mwalimu.

"Mwalimu, niongeze nyingine. Ile nimeimaliza."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Wapwa wa mtwazi hawakuwa wametafuna. Shule ilikuwa imewafundisha kushika kitu mkononi bila kukila, na mpaka leo sijui kama hiyo ni elimu au hasara. Wakasimama, wakaenda nyuma ya pazia mmoja mmoja, wakarudi wakitabasamu. Baada yao akainuka mtwarwa mmoja mzee, kibogoyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipokea kahawa na kuitia mfukoni akamsagie mjukuu wake. Akaingia, akatoka. Hakukuwa na mwingine.

Mwalimu akavimwaga vibuyu mbele yetu. Cha Hapana kikatoa kahawa za wapwa. Cha Ndiyo kikatoa moja.

Siri yote ya kura ile ya siri ilikuwa imekaa pale kwenye mkeka, na kila mtu akamgeukia kibogoyo. Mtwazi naye akamgeukia, taratibu.

"Kumbe wewe," akasema.

"Waitu," mzee akajibu kwa ile heshima tunayowapa wakubwa, "meno yangu yamenisaliti."

Watu wakacheka, hata mtwazi, na bila kicheko kile sijui siku ingeishaje. Lakini mpwa mkubwa alikuwa ameshasimama. "Hesabu ni hesabu," akasema. "Hapana imeshinda. Kura ya mtu ikiwa tumboni mwake, hiyo ni shauri yake na tumbo lake."

"Uchaguzi urudiwe!" akasema mwalimu, sauti ikimpasuka.

"Kwa kifungu gani? Katiba bado haijapita."

Mwalimu akaikunjua tena karatasi yake. Kitabu chake cha vifungu kilikuwa kimejengwa juu ya kifungu cha tatu, na kifungu cha tatu kilikuwa kimetafunwa.

Bibi akasema kutoka mlangoni. Baadaye alikiri kwangu kwamba hakuwa amepanga kusema, ila aliona haya kwa kutafuna, na mtu mwenye haya ama hukimbia ama huongea, na magoti yake hayakuwa ya kukimbia.

"Waitu, niruhusu. Kwetu watu wawili wakitaka kuwa ndugu hufanya nini? Hutafuna kahawa ya ganda moja, huyu punje hii, yule punje ile. Baada ya hapo huwezi kumdhulumu mwenzako, tumbo litakuumbua. Sasa leo tumetafuna wote, wewe kwanza. Tena wewe na mimi tumetafuna ganda moja, umenipa kwa mkono wako. Hawa watoto wanasema hatukupiga kura. Mimi nasema hakuna kura iliyopigwa kwa nguvu kuliko hii."

"Mama!" mpwa akasema, akicheka. "Kwa hiyo wewe sasa ni ndugu wa mjomba?"

"Muulize yeye. Mimi nilipokea tu."

Mtwazi hakucheka. Alimgeukia Bibi. "Kahawa yangu umeitafuna miaka yote," akasema. "Mbona hukuwahi kudai undugu?"

"Miaka yote ulinipa ya kikapu, waitu. Leo umenipa ya kwako."

Akainuka, akasema mkutano umekwisha, mambo haya yapelekwe Bukoba kwa afisa wa ushirika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwalimu akaandika barua siku hiyo hiyo, na nadhani aliandika kila kitu, maana jibu lililoletwa na dereva wa lori lilisema afisa atapiga simu Kemondo Jumamosi, dukani karibu na gati, na kwamba wafike mwenyekiti, mwalimu kama katibu, "na mmoja wa waliotafuna."

Siku za kungoja zilikuwa ndefu kwangu kuliko kwa Bibi. Ulikuwa msimu wa kuchuma, naye alifanya jambo lililonitisha: alianika kahawa yetu kwenye mkeka wa peke yake, nyuma ya nyumba, asiipeleke kwa mtwazi. Msimamizi wa mtwazi akaja kuiulizia. Alikuwa mtu mpole mwenye fimbo asiyoitumia.

"Mama, kahawa imekauka hii."

"Bado."

"Ukiitikisa inalia."

"Inalia kwa sababu imekuona wewe."

Akaondoka akicheka, lakini sote wawili tulijua atakwenda kusema. Afisa akisema Hapana imeshinda, Bibi angebaki mtwarwa aliyezuia kahawa ya bwana wake, na aliyesema "mwacheni akae" angeweza siku yoyote kusema maneno mengine. Nilimwambia Bibi tuipeleke tu. Nilimwambia tunaweza kuipeleka kwanza, halafu tukishinda tukaiomba. Nilikuwa na miaka tisa na tayari nilikuwa na busara zote za mtumishi wa serikali.

"Wewe umesoma," akanijibu akigeuza kahawa kwa mikono. "Mimi nimetafuna. Aliyetafuna hawezi kutema."

Miaka mingi baadaye jamhuri ilikuja, ikaja na katiba yake, na nyarubanja ikafutwa kwa sheria. Nimezisoma katiba za jamhuri nyingi kwa sababu ndiyo kazi niliyojichagulia. Karibu zote huanza na watu wakijitaja kwa pamoja kana kwamba walikuwa wamekaa chumba kimoja wakakubaliana. Hawakuwahi kukaa, kila mtu anajua. Wataalamu wametumia karatasi nyingi kueleza yale makubaliano yalifanyika lini, mahali gani, na nani alikuwapo. Mimi nilikuwapo, nimekaa karibu na mlango. Nilisikia yakivunjika kati ya meno. Na bado niliandika sura nzima nikisema kwamba makubaliano hayo ni ya kinadharia tu.

Jumamosi tulipanda lori la ndizi. Mtwazi alikaa mbele na dereva, amevaa kanzu nyeupe na koti. Mimi, Bibi na mwalimu tulikaa juu ya mikungu. Baiskeli ya mwalimu ilikuwa nasi, kwa sababu hakuwahi kuiacha popote. Bibi alikuwa amejifunga vitambaa vyake viwili vizuri, na kila lori liliporuka alivishika kwanza, kisha akajishika yeye.

Duka la Kemondo lilikuwa la mtu wa asili ya pwani, Mwislamu mwenye kofia ya mkono, ambaye babu yake alikuja na biashara akaoa huku. Aliuza nguo, chumvi na mafuta ya taa, na duka lilikuwa na harufu ya dagaa waliokuwa wakipakiwa nje. Simu ilikuwa ukutani katika sanduku la mbao lenye kishikio cha kuzungusha.

"Shikamoo mzee wangu, karibu kitini," akamwambia mtwazi. "Mama, keti hapo kwenye gunia la chumvi, ni safi. Mwalimu, hiyo baiskeli iache nje, haitaibiwa. Na simu msiiguse. Haina nidhamu kwa wageni."

Tukangoja. Mwalimu alifungua rasimu na kuikunja mpaka nikaogopa itakatika. Mtwazi na Bibi walikaa wakitazama ziwa kupitia mlangoni, mmoja kitini, mmoja kwenye chumvi. Nikagundua kitu. Gunia la chumvi lilikuwa refu. Vichwa vyao vilikuwa sawa.

Simu ikalia. Nilikuwa sijawahi kuisikia, nikajificha nyuma ya Bibi.

"Halo! Kemondo hapa!" mwenye duka akapiga kelele. "Ndiyo, wapo wote. Wamevaa vizuri sana. Haya, huyu hapa."

Mtwazi akapokea mkono wa simu, akaushika mbali na sikio kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wengine. Ilikuwa heri, maana sauti ikatufikia sote.

"Shikamoo mzee. Nimesoma barua ya mwalimu mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mnisamehe."

"Marahaba. Wengine pia walicheka."

"Wapwa zako wanasema Hapana ilishinda. Mwalimu anataka kura irudiwe. Na kuna hoja ya mama mmoja."

"Yupo hapa. Amekaa kwenye chumvi."

"Sasa, mzee. Hapa ofisini nina kitabu cha kanuni. Kinaitambua kura iliyoharibika, kura iliyopotea, hata ya mtu aliyepiga mara mbili. Kura iliyotafunwa haimo. Na kitabu kikiwa kimya, mwenyekiti ndiye anayeamua. Mwenyekiti ni wewe."

Mwalimu akafumba macho. Mimi nikaufikiria mkeka wetu nyuma ya nyumba, na jiko lililoezekwa kwa hisani. Bibi hakujua Kiswahili cha ofisi, akanivuta nguo. "Anasemaje?"

"Anasema aamue yeye," nikamnong'oneza.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akarudi kulitazama ziwa.

Kwenye simu sauti ile ikabadilika. Iliacha Kiswahili, ikaingia Kihaya, taratibu, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

"Waitu, sasa nakuuliza si kwa kazi. Barua inasema ulipasua ganda lako ukampa mama huyo punje moja. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa mkono wako?"

"Kikapu kilikuwa kitupu. Ningempa kwa mkono wa nani?"

"Zilitafunwa zote mbili?"

Mwenye duka, aliyekijua Kihaya kuliko alivyopenda kukubali, aliacha kupima chumvi. Mtwazi angeweza kusema ilikuwa adabu tu. Ilikuwa adabu tu, nina hakika. Mzee yule alimpa mjane kahawa ili nyumba yake isiaibike. Sasa alikuwa anaombwa aseme kama adabu ile ilikuwa na maana au haikuwa nayo.

"Zilitafunwa," akasema.

"Basi mimi ni Mhaya, nawe ni Mhaya. Sina swali jingine."

Mtwazi akageuka akamtazama Bibi. Bibi naye akamtazama, na sikumwona akishusha macho.

"Andika," mtwazi akaiambia simu, akirudi kwenye Kiswahili ili liwe jambo la serikali. "Andika kwamba mwenyekiti alitafuna na watu wake wote, na aliyetafuna amekubali. Kifungu cha tatu kimepita jinsi mwalimu alivyokiandika." Kisha akaongeza, "Sasa wapwa zangu watanitafuna mimi."

Mwalimu akaketi chini, sakafuni, katikati ya duka.

"Nimeandika," sauti ikasema. "Basi nianze na wanachama. Jina la kwanza ni la nani, mzee?"

Nilingoja alitaje la kwake. Sote tulingoja, hata mwenye duka. Mtwazi akaunyoosha ule mkono wa simu kuelekea kwenye gunia la chumvi.

"Mwambie jina lako," akamwambia Bibi.

Bibi akaupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza huku na huku, akaniuliza, "Nizungumzie upande gani?" Nikamwonyesha. Akasafisha koo. Akalitaja jina lake, si la mumewe, si la mtwazi, lake, alilopewa na baba yake, kwa sauti iliyowageuza wapakia dagaa kule nje.

"Nimesikia, mama," afisa akasema. "Bukoba nzima imesikia."

Akalitaja tena, kwa ajili ya ambao hawakusikia.